Akihabara na Kyoto: Mchezo ni Mali ya Nani?

Ndugu msomaji, ikitokea siku moja ukafika Tokyo na ukawa na saa chache za kutembea, usianze na minara wala bustani za mfalme. Panda treni ya mstari wa Yamanote katika stesheni kuu, teremka kituo cha pili, kisha ufuate vibao vinavyoelekeza kwenye "Mji wa Umeme". Safari yenyewe haizidi dakika tano. Utatokea Akihabara, mtaa ambao hakuna kitu chenye waya au betri kisichouzwa humo.

Jina hilo litamchekesha kidogo Mswahili. Mwaka 1869 moto mkubwa uliteketeza nyumba za sehemu hiyo. Baadaye wakuu wakaacha uwanja mtupu na kujenga hekalu dogo la kuomba kinga dhidi ya moto. Wenyeji wakalinasibisha na Akiba, mungu wao azuiaye moto, na uwanja ukaitwa uwanja wa Akiba. Sisi neno akiba hutukumbusha fedha zilizowekwa benki. Huko mambo ni kinyume, kwani sijapata kuona mahali ambapo akiba ya mtu huyeyuka upesi kama pale.

Karibu na mlango wa stesheni, chini ya reli zilizoinuliwa juu ya nguzo, kuna vichochoro vyembamba ambamo watu wawili wakikutana sharti mmoja wao ageuke ubavu. Kila kibanda kina upana wa meza moja. Mwenye duka huketi katikati, amezungukwa na visanduku mia vya waya, taa ndogo, swichi, vipima umeme na vipande vidogo kuliko punje ya mtama. Treni ikipita juu, vyote hutetemeka kidogo, na wenyewe hata hawainui macho.

Soko hili ni mtoto wa vita. Baada ya mwaka 1945 Japani ilikuwa magofu, na redio zilizotengenezwa viwandani zilikuwa ghali mno. Wanafunzi wa chuo kimoja cha umeme kilichokuwa jirani wakaanza kununua vipande vilivyobaki jeshini, kuviunganisha na kuziuza redio hizo kwa faida. Wachuuzi wakafurika barabarani. Mwaka 1949 majeshi ya Marekani yaliyoitawala nchi wakati huo yakaamuru mabanda ya barabarani yaondolewe, na wachuuzi wa vipande vya redio wakapewa nafasi chini ya reli. Ndipo walipo mpaka leo wale waliosalia, ijapokuwa baadhi ya masoko hayo yamefungwa.

Nakuomba, msomaji, uliweke jambo hilo akilini, kwani tutalihitaji huko mbele: mtaa huu uliasisiwa na watu waliofungua vitu vya wengine, wakatazama ndani, wakajifunza, kisha wakatengeneza vya kwao.

Hatua chache kutoka hapo limesimama jengo liitwalo Radio Kaikan. Hili la sasa lilifunguliwa mwaka 2014 badala ya lile la zamani lililobomolewa. Katika orofa ya saba ya jengo la zamani, mwaka 1976, kampuni ya NEC ilifungua chumba cha kuwafundisha watu kutumia TK-80, kompyuta iliyouzwa ikiwa vipande vya kuunganisha mwenyewe kwa yeni 88,500. Waliofika humo walikuwa ndugu wa wale wa redio, watu wa mikono na udadisi. Kutoka kwenye kompyuta za namna hiyo mtaa ukahamia polepole kwenye michezo ya video.

Sasa tutoke kwenye barabara kuu, Chuo-dori, ambayo Jumapili mchana hufungwa kwa magari, na watu hutembea katikati yake kama waendao sikukuu. Pande zote mbili kuna majumba ya michezo, orofa juu ya orofa, kila mashine ikimeza sarafu ya yeni 100 na kupiga kelele yake. Biashara hiyo si nono kama zamani. Jengo moja mashuhuri la Sega lilifungwa mtaani hapo Agosti 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, na mwaka 2022 majumba mengine ya jina hilo yakaanza kuitwa GiGO baada ya kuuzwa. Hata hivyo vijana wangali wamejaa, na si vijana peke yao. Nimewaona wazee wa mvi, tai shingoni na mkoba miguuni, wakiwapiga risasi wavamizi wa angani kwa utulivu wa mtu asomaye gazeti.

Wavamizi hao ni wa mchezo uitwao Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito mwaka 1978. Uliitikisa Japani nzima. Yalifunguliwa maduka yasiyokuwa na kitu kingine ila mashine hizo, na hadithi ikaenea kwamba sarafu za yeni 100 ziliadimika nchini, ingawa hadithi hiyo ni chumvi tu. Nakala za kuiga nazo zikazagaa kila mahali, nyingine kwa idhini na nyingi bila idhini. Taito ikaenda mahakamani, na mwezi Desemba 1982 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ikaamua kwamba programu ya kompyuta ni maandishi yanayolindwa na hakimiliki, sawa na kitabu. Mtu aliyeinakili kutoka katika kidude cha kumbukumbu alikuwa amenakili kitabu cha mwenzake.

Uamuzi huo sina ugomvi nao. Mtu aliyekesha akiandika programu anastahili kula jasho lake, na aliyeinakili neno kwa neno ni mwizi hata kama wizi wake hauonekani kwa macho. Lakini kuna namna ya pili ya ulinzi, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ni hataza: hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya njia ya kufanya jambo, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20 tangu siku alipopeleka maombi.

Tofauti baina ya mambo hayo mawili huwachanganya wengi, basi tuchukue mfano wa pilau. Ukiandika kitabu cha mapishi, hakimiliki humzuia jirani asinakili kurasa zako. Lakini jirani huyo yuko huru kupika pilau, na hata kuandika kitabu chake kwa maneno yake. Hataza ni kitu kingine kabisa. Lau ingewezekana kuchukua hataza juu ya kukaanga vitunguu mpaka vikawa vya kahawia kabla ya kutia mchele, basi mpishi yeyote, hata yule asiyepata kukiona kitabu chako na aliyeigundua njia hiyo jikoni kwake mwenyewe, angelazimika kukuomba ruhusa au kungoja miaka 20.

Ukitaka kuona vitunguu hivyo vya kahawia, ingia katika mojawapo ya maduka ya michezo ya zamani, yaliyo juu ya ngazi nyembamba nyuma ya barabara kuu. Humo mna harufu ya plastiki kuukuu. Kuna mashine za Famicom za mwaka 1983, zilizouzwa yeni 14,800 zilipotoka, rangi yake nyeupe imekwisha kuwa ya maziwa ya mgando. Kuna pia santuri za Ridge Racer, mchezo wa mbio za magari wa kampuni ya Namco, uliotoka pamoja na mashine ya PlayStation Desemba 1994.

Mashine za siku zile zilisoma santuri polepole, na mchezaji alikaa akikodolea macho maandishi yaliyomtaka asubiri. Watu wa Namco wakafikiri vizuri: badala ya kumwacha mtu akipiga miayo, wakamwekea kijimchezo chao cha mwaka 1979, Galaxian, acheze wakati mchezo mkubwa unapakiwa. Akiwaua maadui wote alizawadiwa magari zaidi ya kuchagua. Ni wazo la ukarimu. Mwaka 1995 Namco ikaliombea hataza Marekani, na mwaka 1998 ikapewa. Kuanzia hapo, mtengenezaji mwingine aliyetaka kumburudisha mchezaji wake kwa njia hiyo wakati wa kusubiri alijua kwamba kuna wakili nyuma ya mlango.

Na ubaya ni huu: wazo lenyewe halikuwa jipya kabisa. Mwaka 1987 tayari kulikuwa na kanda za kompyuta ya Commodore 64 zilizomwezesha mtu kucheza kijimchezo cha kupiga risasi huku kanda ikizunguka. Lakini hataza ikishatolewa, kuipinga ni kazi ya mahakama na mifuko minene, na watengenezaji wengi waliona nafuu ni kuliacha jambo lipite. Ndugu msomaji, pengine wewe au mwanao mmeketi mbele ya mashine mkitazama mstari mweupe ukijaa taratibu, mkadhani ni uvivu wa mafundi. Hataza hiyo ilikwisha muda wake Novemba 2015. Wakati huo wazo lilikuwa limezeeka, na muda si mrefu zikaja mashine zenye kumbukumbu za kasi ambazo hazimpi mtu nafasi hata ya kujikuna.

Nilikuwa na mwenyeji, kijana wa kwetu asomaye uhandisi huko, na kupitia kwake nilimuuliza mwenye kibanda kimoja chini ya reli maoni yake. Mzee yule alisema kwamba maishani mwake ameuza vipande kwa watu waliovumbua vitu na kwa watu walioiga vitu, na kwamba mara nyingi walikuwa watu wale wale. Mwenyeji wangu hakukubaliana naye. Kwa maoni yake kampuni ndogo isiyokuwa na hataza humezwa na kubwa siku ile ile inapoonyesha kazi yake, na hati hiyo ndiyo panga pekee la mnyonge. Tulibishana juu ya jambo hilo hadi sahani za tambi zikapoa.

Hoja ya kijana haifai kupuuzwa, na historia ina ushahidi wa kumsaidia. Mchezo wa kwanza wa televisheni wa nyumbani, Odyssey, ulitokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer na kuuzwa na kampuni ya Magnavox mwaka 1972. Nolan Bushnell wa Atari aliuona mchezo wake wa tenisi ya meza katika maonyesho mwezi Mei mwaka huo, na kabla ya mwaka kwisha Atari ilikuwa imetoa Pong. Magnavox ikashtaki, na mwaka 1976 Atari ikakubali kulipa leseni. Bila hataza, Baer na waajiri wake wasingepata chochote kutokana na tufani waliyoianzisha.

Lakini panga la mnyonge huweza kuokotwa na mwenye nguvu, na ili kuliona hilo yatupasa kuondoka Tokyo. Treni ya mwendo wa kasi hukufikisha Kyoto kwa muda wa saa mbili na ushei. Huko, mwaka 1889, Fusajiro Yamauchi alifungua kiwanda kidogo cha kutengeneza karata za maua, arobaini na nane kwa idadi, nne kwa kila mwezi wa mwaka. Kiwanda hicho ndicho Nintendo. Katika mji wa Uji, kusini ya Kyoto, kampuni imegeuza kiwanda chake cha zamani kuwa jumba la makumbusho, lililofunguliwa Oktoba 2024. Karata hizo zimo humo pamoja na mashine zote zilizofuata.

Nilipozitazama karata zile nilikumbuka baraza zetu. Wajapani huziita karata zao karuta. Neno hilo na letu ni ndugu wa tumbo moja, kwani yote mawili yalitoka kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na Japani mwaka 1543. Kopa, uru, shupaza na pau tunazozitaja kila jioni ni maneno yao. Mabaharia wale walikuwa na kasoro zao nyingi, na ngome ya Mombasa ni shahidi, lakini hawakudai malipo kwa kila mchezo uliochezwa. Wajapani walipopigwa marufuku kucheza karata za kigeni walibuni zao, zikapigwa marufuku, wakabuni nyingine, mpaka wakafika kwenye maua. Yamauchi akarithi yote hayo bure, na juu yake ikajengwa mojawapo ya kampuni tajiri zaidi za michezo duniani.

Warithi hao wamekuwa wakali kwa mali yao. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi, fundi wao hodari, alibuni kitufe cha umbo la msalaba cha kuongozea kwa kidole gumba; kampuni ikakichukulia hataza. Hiyo naiona halali kabisa, kwa kuwa ni kitu unachokishika mkononi, na mwingine aliweza kutengeneza cha umbo tofauti. Mwishoni mwa mwaka 2017 Nintendo iliishtaki kampuni ya Colopl kwa sababu ya mchezo wa simu, Shironeko Project, na miongoni mwa mambo yaliyogombewa ilikuwa namna ya kumwongoza mhusika kwa kuburuta kidole juu ya kioo. Agosti 2021 wakapatana: Colopl ilipe yeni bilioni 3.3.

Kisha, tarehe 18 Septemba 2024, Nintendo na kampuni ya Pokémon zikaishtaki Pocketpair, kampuni changa ya Tokyo ambayo mchezo wake wa Palworld, uliotoka Januari mwaka huo, ulikuwa umevuta mamilioni ya wachezaji. Hapa, msomaji, ndipo masikio yanapopaswa kusimama. Kesi haikuhusu kunakili picha za wanyama, ingawa watu wengi walisema wanafanana. Ilihusu hataza tatu, ambazo zinagusa mambo kama kurusha kitu ili kumnasa kiumbe na kupanda mnyama wa kusafiria ndani ya mchezo. Hataza zenyewe zilitolewa baada ya Palworld kuwa sokoni, kwa maombi yaliyochipuzwa kutoka katika maombi ya mwaka 2021, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Fedha zilizodaiwa zilikuwa kidogo, yeni milioni 5 kwa kila mdai pamoja na riba. Kilichouma ni ombi la kuuzuia mchezo. Kabla hukumu haijatolewa, Pocketpair ilibadilisha mchezo wake, Novemba 2024 na tena Mei 2025. Mtindo wa kurusha tufe ili kumwita mnyama ukaondolewa, na kuruka angani kwa kumshika kiumbe kukageuzwa kuwa kwa chombo.

Kumnasa mnyama na kumpanda! Mwanadamu amefanya hivyo tangu alipokuwa na punda.

Japani hiyo hiyo, hata hivyo, ina jibu lingine, na jibu hilo limefika mpaka kwetu. Mwaka 1971 katika mji wa Kobe, si mbali na Kyoto, mpiga muziki Daisuke Inoue alitengeneza mashine kumi na moja zilizopiga muziki bila mwimbaji, akazikodisha kwa mabaa. Hakuchukua hataza. Karaoke ikaenea dunia nzima, na yeye hakupata hata senti kwa mashine za wengine. Wengine humwona mjinga. Mimi simwoni hivyo, ingawa ningependa dunia ingemnunulia walau nyumba nzuri.

Wa pili ni mwangalifu zaidi. Mwaka 1994 Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, watengenezaji wa vipuri vya magari, walibuni ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe uitwao QR, wazo ambalo Hara alilipata akitazama kokoto za mchezo wa go juu ya ubao wake. Wao hataza walichukua, lakini wakatangaza kwamba hawatamdai yeyote atakayeutumia mraba huo kwa kufuata kipimo kilichowekwa. Leo uko kwenye risiti zetu na kwenye vibandiko vya kulipia dukani. Mchezo wa ubao ulizaa chombo cha biashara, na chombo kikaachiwa mlango wazi.

Huenda ukauliza haya yanamhusu nini mtu wa Kariakoo. Yanamhusu, kwa sababu watoto wetu hawachezi tu kwenye vibanda vya michezo ya video. Wengine wameanza kuitengeneza. Hataza hufanya kazi katika nchi ilikotolewa peke yake, na ya Tokyo haina nguvu Dar es Salaam. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya mali ya viwanda ya mwaka 2001 hata inasema kwamba kanuni na mbinu za kucheza michezo hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Ulaya nako, Julai 2005, Bunge lilikataa kwa kura 648 dhidi ya 14 mswada wa hataza za programu. Lakini mchezo haukai nyumbani. Kijana akiuweka kwenye maduka ya intaneti ili ununuliwe Marekani na Japani, ameingia katika nchi ambazo hati hizo zina meno, na hakuna atakayemuuliza kama alipata kuzisoma.

Kuzisoma nako si kugumu. Sheria inamtaka mwenye hataza aeleze siri yake hadharani ili baada ya muda iwe ya wote, na hii ndiyo nusu ya mapatano ambayo watu huisahau. Hati ya Namco, nambari 5,718,632, iko wazi kwenye intaneti pamoja na michoro yake, hatua kwa hatua, na muda wake umekwisha. Msalaba wa Yokoi nao umekwisha. Kijana wa Tandale anayejifunza kuandika programu aweza kuyachukua yote mawili jioni ya leo, afungue, atazame ndani, kisha atengeneze ya kwake.